Ayaa na Kipimo cha Sikio

Apendi wa kijiji cha Kirewa hakuwa mtu wa kuombaomba. Mumewe alipofariki alishika jembe mwenyewe, akalima mtama, akaubeba kichwani mpaka soko la Busia, na aliyejaribu kumwonea huruma alijibiwa kwa ukavu. Lakini asubuhi ile ya mwanzo wa mwaka 1966, kwenye foleni ya shule ya kanisa, alikuwa tayari hata kupiga magoti.

Kisa ni Ayaa. Kanisa la Tororo lilikuwa limepokea watoto waliokimbia vita kusini mwa Sudan, na Apendi, ambaye wanawe wote waliuawa na surua, akamchukua binti huyu mmoja. Lugha zao zilikaribiana, wakaelewana tangu siku ya kwanza. Wafadhili wa kanisa walikubali kumlipia masomo, ila mtoto atakayekosa shule angepelekwa kambi ya wakimbizi huko kaskazini. Lori lenyewe lilikuwa limeshaegeshwa penye lango.

Na shule ilipokeaje watoto? Cheti cha kuzaliwa hakuna, basi mkono wa kulia upite juu ya kichwa, vidole viguse sikio la kushoto. Visipofika, umri bado, rudi nyumbani. Kipimo gani hicho, jamani? Ayaa alikuwa mrefu kuliko nusu ya foleni. Lakini risasi ilimpitia bega la kulia, na tangu hapo mkono ule haukupanda kupita kidevu.

Mwalimu Ekaju alikuwa Mteso, mtu wa lugha nyingine kabisa, kwa hiyo walisemezana kwa Kiswahili.

"Inua mkono."

Ayaa akainua wa kushoto.

"Wa kulia."

"Mwalimu," Apendi akasema, "mkono ile ni mgonjwa. Vita iliharibu. Wewe mwenyewe naona mtoto ni mkubwa."

"Naona, mama. Lakini nikimwachia huyu, kesho kila mzazi ataniletea wake na sababu yake. Anayefuata aje."

Apendi akageukia lango. Dereva wa lori alikuwa anawatazama, funguo mkononi. Kabla Apendi hajapiga magoti, Ayaa alikwisha kuushika mkono wake mgonjwa kwa ule mzima. Akavuta. Mkono ukapita kidevu, ukapita jicho. Jasho likamtiririka, midomo ikatetemeka, ila sauti haikumtoka. Huko porini alikojificha wakati wa vita, watoto walikuwa wamefundishwa kutolia.

Vidole vikagusa sikio.

Ekaju akatazama pembeni kidogo, kisha akaandika jina. "Haya. Ingia darasani."

Ayaa hakuingia. Alisimama palepale, mkono umebaki juu ya kichwa, macho kwa Apendi.

"Mama," akanong'ona, "haushuki."

Apendi akaupokea kwa mikono yake miwili, akaushusha polepole, na aliyelia mbele ya foleni nzima alikuwa yeye.