Tundu la Chumba cha Chini

Sikiliza, kwanza nikuonyeshe nyumba yetu ilivyokaa, maana usipoiona vizuri utadhani tulivunjana moyo kwa sababu ya tundu tu. Nitakwenda polepole. Ukipotea, rudi nyuma usome tena, mimi sina haraka.

Nyumba iko Keshero, mtaa wa mji wetu ulio kati ya volkano na ziwa, kwenye mteremko unaoshuka kuelekea ziwani. Sehemu ya juu ni ya mbao, kama nyumba nyingi za hapa: sebule, vyumba viwili, na jiko nyuma. Chini yake, upande wa bondeni, kuna chumba cha mawe. Papa, baba yetu, alikijenga ndani ya shimo lililokuwa tayari kati ya mawe ya volkano. Aliona ni bahati, kuta mbili Mungu amekwisha kumjengea. Unakiingia kutokea uani, kwa kushuka ngazi chache. Ukikitazama ni chumba kizuri. Mchana kina ubaridi, mvua haikifikii, na kelele za pikipiki za barabarani hazisikiki.

Hakuna mtu wetu aliyewahi kulala humo.

Nilipokuwa mdogo, kuku wetu walikimbilia humo jioni moja kujikinga na mvua. Asubuhi tuliwakuta wamelala sakafuni, hawana jeraha, manyoya yao safi, wamekufa wote. Papa alielewa mara moja. Huku kwetu tunaita mazuku. Ni hewa inayotoka ardhini kupitia nyufa za mawe. Haina rangi, haina harufu, na ni nzito kuliko hewa tunayovuta. Ifikirie kama maji: inatafuta mahali pa chini, inajaa humo taratibu kama kwenye beseni. Mtu mzima akisimama, kichwa chake kiko juu ya hayo maji na hajui kitu. Akiinama, au akilala, anazama. Asubuhi za baridi zisizo na upepo ndipo inapojaa zaidi.

Papa hakukibomoa chumba. Alichukua mtaimbo akatoboa ukuta wa upande wa bondeni, usawa wa sakafu kabisa, tundu la kupitisha ndoo. Nje akachimba mfereji mfupi hadi kwenye genge la mawe ambako hakuna anayejenga. Mlango akaukata kwa chini, ukabaki na mwanya. Hivyo hewa ile ikiingia, inapata pa kutokea. Tuliweka humo makala, yaani makaa ya kupikia, na viazi. Sisi watoto tulikuwa na sheria moja: ukiangusha kitu humo, usiiname kukiokota, toka umwite mkubwa. Papa alifariki miaka mingi baadaye kwa ugonjwa wa ini. Sheria ikabaki.

Sasa tuje kwenye kuuza.

Mama alikuwa na uvimbe tumboni. Daktari alituchorea ukubwa wake kwa kidole juu ya meza, akasema hapa mjini hawawezi kuutoa, apelekwe Kampala, na asicheleweshwe. Tulikuwa tumebaki watatu: mama, mimi, na kaka yangu mkubwa ninayemwita yaya, seremala mwenye karakana ndogo Katindo. Hakuna kati yetu aliyeweza kulipia opereshoni. Kilichokuwepo ni nyumba. Na tangu vita vilipoingia mjini na banki kufunga milango, wanaouza ni wengi, wanaonunua hawaonekani. Nyumba ilikaa bila kuuliziwa hadi mama akaanza kufunga vitenge viwili, kimoja juu ya kingine, ili majirani wasione tumbo.

Ndipo wakaja mume na mke wenye duka la maharage na unga kule Birere, watu wa asili ya Butembo, wapole, wenye watoto watatu wa kiume. Walikuja na masoni wao, fundi wa kuta, aliyebeba nyundo. Mume alizunguka akigonga kuta kwa vidole.

“Hii mbao inalia sawa ngoma ya kanisa,” alisema.

“Papa, hiyo ni mbao ya zamani,” yaya akamjibu. “Ya zamani njo iko na nguvu.”

“Ya zamani? Panya zinaikula sawa mukate!”

Mama alicheka, mkono tumboni. Mke wa yule bwana akamtazama mkono, kisha akatazama pembeni. Nadhani alielewa zaidi ya tulivyotaka.

Masoni alipomaliza, mume alitusomea mambo ya kutengeneza, kwa mdomo, tumesimama uani. Mbao za ukuta wa nyuma zibadilishwe. Mabati ya jikoni yabadilishwe. Tangi la maji lizibwe mahali lilipopasuka kwa matetemeko. Halafu tukashuka wote hadi mlango wa chumba cha chini. Alikipenda papo hapo, nilimwona usoni.

“Humu watoto watatu watalala, watasoma bila makelele,” akamwambia mkewe. Kisha akaona mwanga chini ya ukuta. “Na hii shimo? Mwizi atapita hapa. Mufunge hii, na muweke mulango muzima, hii imekatwa vibaya.”

Mama alifungua kinywa. Yaya alimtangulia.

“Tutafunga, papa. Hakuna shida.”

Makubaliano yakawa hayo: tutengeneze kwanza, kisha tukae mbele ya chefu wa avenyu, kiongozi wa mtaa wetu, na majirani, walipe, nyumba iwe yao.

Tulianza kazi kwa moyo. Nikueleze kidogo, huenda ikakusaidia siku moja. Ukitaka kujua kama bati limekufa, usitazame katikati, tazama kuzunguka misumari. Moshi wa volkano ukichanganyika na mvua hula bati kuanzia pale, na ukibonyeza kwa kidole linavunjika kama biskuti. Mbao nazo, ukate sehemu iliyooza pamoja na upana wa kiganja wa sehemu iliyo nzima, maana uozo hutangulia mbele ya macho. Halafu upake mafuta machafu ya gari, yakiwa ya moto. Simenti ilikuja kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma. Yaya alipanda juu, mimi nilipitisha vifaa, mama alikaa kwenye kiti cha plastiki na misumari mapajani, akinipa mmoja mmoja.

“Kumbe nyumba yangu ilikuwa murembo,” alisema siku tulipomaliza ukuta wa nyuma. “Ilikuwa inangojea tu bwana mwingine.”

Hatukulizungumza tundu hadi lilipobaki peke yake. Yaya alichanganya simenti na kokoto karibu na mlango wa chini. Nilikwenda nikasimama mbele yake.

“Yaya, tuwaambie.”

“Tukiwaambia, watakwenda.”

“Watoto watalala mule.”

“Najua. Nani amekuambia sijui?” Hakuinua kichwa. “Nitafunga. Watalipa. Mama atapanda gari. Siku ile ile, mbele hawajaleta hata kitanda kimoja, mimi mwenyewe nitarudi na mutaimbo, nitawaelezea, nitafungua. Unafikiri mimi ni muuaji?”

“Na kama wataingia mbele wewe hujafika?”

“Basi sema wewe mama afe. Sema tu. Sema kwa nguvu asikie.”

Nilimpisha. Hadi leo nikilipima jambo lile siwezi kumwita mtu mbaya. Alikuwa anajaribu kupitisha watu wanne, mama na wale watoto watatu, kwenye mlango mmoja. Aliziba tundu jioni ile kwa mawe na simenti, akasawazisha vizuri, akaning'iniza mlango mpya unaogusa sakafu. Kazi safi, kama kazi zake zote.

Kesho yake asubuhi kulikuwa na baridi na ukungu umelala juu ya ziwa. Hatukumtarajia mtu, lakini mke alikuja peke yake, na kamba mkononi. Alitaka kupima vitanda. Fundi wa Birere alikuwa anangoja vipimo aanze kukata mbao. Yaya alikuwa bado kwake Katindo. Mimi nilikuwa nafua.

Mama alikuwa kwenye kiti chake. Yule mama wa Birere alimsalimu, akaelekea kwenye ngazi.

“Mama,” mama akamwita. “Usishuke. Kuja ukae kwanza.”

“Nitakaa nikirudi, mama. Ni kupima tu.”

“Utapima ukiwa umeinama?”

Yule mama akageuka. “Kamba unapimaje bila kuinama?”

“Basi kuja ukae.”

Akaja. Mama akamweleza yote: kuku, papa, mtaimbo, mfereji. Alieleza taratibu kama ninavyokueleza wewe, na nadhani nilijifunzia kwake. Yule mama alisikiliza, ameshika kamba kwa mikono miwili.

“Mazuku najua,” alisema mwishowe. “Lakini ni kule ku mashamba, upande wa Sake. Hapa ni mu nyumba ya watu.”

Mama akaniagiza mshumaa na mti wa ufagio. Niliufunga mshumaa kwenye ncha ya mti, nikauwasha, nikashuka hadi ngazi ya tatu, nikasukuma mlango. Niliupitisha mshumaa ndani ukiwa usawa wa kiuno changu. Uliwaka vizuri. Nikaushusha polepole. Karibu na magoti moto ukawa mdogo, ukalala upande, kisha ukazimika, kama mtu ameubana kwa vidole. Hakukuwa na upepo wowote.

“Nipe,” yule mama alisema nyuma yangu. Aliuwasha mwenyewe, akaushusha mwenyewe. Ukazimika pale pale. Akarudia tena. Mara ya mwisho hakuuinua mti, aliuacha umeinama mkononi, akitazama giza.

“Ile shimo ilikuwa wazi siku tulikuja,” alisema.

“Ndiyo. Ilifungwa jana, sababu mulituomba,” nikamjibu.

Alipanda ngazi akajizungushia kamba mkononi mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Aliketi karibu na mama. Sikusikia walichosema kwa muda. Nilimsikia tu mama akimwambia: “Mwanangu, rudisha shimo, weka makala, utaishi humu miaka yote. Sisi tuko wazima, unatuona.” Yule mama akasema atamweleza bwana wake hivyo hivyo. Naamini alimweleza.

Mume alipiga simu mchana, wakati yaya amekwisha kufika. Aliongea kwa sauti hata sisi tukasikia. “Mulitaka kutuuwa na simenti mupya! Munafunga midomo kuliko vile mimi nafunga mifuko ya unga!” Yaya alimwomba. Alimwambia atafungua tundu siku hiyo hiyo, atapunguza bei, ataongeza chumba cha mbao juu kwa mikono yake bila kulipwa. Mume akasema nyumba inayomeza watoto hawezi kuinunua hata kwa kuweka makala, kisha simu ikakatika.

Yaya alibaki ameishika simu. Halafu akamgeukia mama.

“Mama, ungengoja. Siku moja tu. Ungengoja tu.”

“Niko na uvimbe,” mama alisema. “Sina wazimu.”

“Umejiuwa.”

“Na kule Kampala ningelala namna gani, nikiwaza wale wanalala namna gani?”

Yaya alichukua mtaimbo akazunguka hadi nje ya ukuta wa bondeni, akasimama kando ya mfereji, si ndani yake, ili hewa isimpate, akagonga ukuta hadi mawe yakatoka. Simenti ilikuwa bado laini, haikumsumbua. Aligonga muda mrefu hata baada ya tundu kufunguka.

Waliokuja kuangalia nyumba baadaye walikuwa wachache. Mama alitutaka tuwaambie wakiwa bado mlangoni, kabla ya maji ya kunywa. Walitushukuru kwa adabu, wakaondoka. Hakuna aliyeshuka ngazi. Yaya alijaribu kuuza mashine zake za karakana, hakupata mtu. Tulikwenda kwa ndugu, kwa kanisa, kwa marafiki wa papa, kila mmoja alitoa alichoweza, na vyote pamoja havikumfikisha hata mpakani. Uvimbe haukungoja. Kuna wakati mama alikuwa anautukana kwa upole, kama mpangaji asiyetaka kuhama.

Alifariki siku ya mvua, kwenye chumba chake cha juu, mimi nimemshika miguu na yaya kichwa. Mvua ile ilikuwa kubwa sana, na hakuna hata tone moja lililoingia. Mabati yalikuwa mapya, mbao za nyuma zilikuwa bado zinanukia mafuta, tangi lilijaa bila kuvuja. Watu waliokuja kwenye matanga walikaa pakavu. Mzee mmoja wa kanisani aliitazama dari akamsifu yaya kwamba amemtunzia mama yake nyumba. Yaya alitoka akasimama nje kwenye mvua, na hakuna aliyeweza kumrudisha ndani.

Sasa naishi humo peke yangu. Yaya huja Jumapili, tunakula, haongei sana, lakini huwa hakosi kwenda upande wa bondeni kuondoa majani kwenye mfereji. Mara nyingi watu wapya wanaopanga nyumba za mteremko wetu, wengi wao wamekimbia kutoka mbali na hawajui mawe haya, huja kuniuliza mambo yanayowashangaza: mlango uliokatwa, bomba lisilopeleka maji, shimo ukutani. Nawaketisha, nawaeleza kama nilivyokueleza, na sichoki. Wewe nawe, ukihamia nyumba usiyoijua huku kwetu, usizibe tundu lolote la chini kabla hujamuuliza mtu aliyekaa humo kabla yako.