Mwaka Mto Ulipotuhama

Nilipokuwa mtoto, miaka ya hamsini, majogoo wa kijijini kwetu karibu na Garsen walikuwa wavivu, maana kazi yao ilifanywa na honi ya kiwanda cha pamba. Baba yangu, Jillo, ndiye aliyetia kuni kwenye boila ya kiwanda hicho, nasi wanawe tulitembea kifua mbele kana kwamba honi ile ni mali ya ukoo.

Bibi Habona, mzaa mama, hakuipenda honi. Alikuwa na ulimi wa pilipili, na kilichomkera zaidi ni debe. Vibarua walichemshia chai kwenye debe, kisha debe hilohilo, jeusi tititi, wakalitumbukiza mtoni kutekea maji ya boila. Kwetu chombo chenye masizi hakitiwi mtoni. Mto una wenyewe, na wenyewe wakichukizwa huondoka na maji yao.

"Jillo," alimwambia baba mbele ya watu, "mtaufukuza mto huu."

"Mama, maji ni maji," baba akajibu.

Lilikuwa jibu la kijana mwenye mshahara. Mkwe hajibiwi hivyo kwetu, na mama alifunika uso kwa leso kwa aibu.

Masika yale yalileta mafuriko, tukakimbilia mwinuko wa mchanga. Tuliporudi, mto haukuwepo. Ulikuwa umekata njia nyingine mbali, ukatuachia mkondo mtupu wa tope na kambare wakigaagaa. Boila haiendi bila maji. Tajiri wa kiwanda alifungua mashine zake, akazipakia, akaenda zake.

Watu wakaanza kumwamkia bibi kwa heshima yenye woga. Baba, kwa upande wake, hakuthubutu kupita mlangoni pake. Alifunga nguo zake akasema anakwenda Mombasa kutafuta kazi, na sisi tulishaona wanaume walioondoka na aibu: hawakurudi. Mama alipepeta mchele huku machozi yakimtoka. Mimi nilimfuata baba kila aendako, hata chooni nilimngoja nje.

Asubuhi ya safari, bibi alisimama uani kwetu na majembe mawili. Ulimi ule ulikuwa umenyamaza muda mrefu mno. Baba akainamisha kichwa kungoja.

"Baba Hawaa," bibi akasema, akimwita kwa jina langu, "tope likikauka litapasuka. Twende tukapande mpunga kabla wenzetu hawajaamka."

"Mama, lile debe..."

"Shika jembe."

Wakateremka pamoja mahali mto ulipokuwa ukipita. Mpunga wa mwaka ule ulinizidi kimo, na habari za Mombasa zikafa.

Nimeishi kuuona mto ule ukihama tena, na wataalamu wakatueleza kwamba ndivyo ulivyo mto wenye tope jingi. Nawaamini. Lakini bibi sikumsikia akilitaja debe hata siku moja, hata katika ugomvi, na ugomvi aliupenda sana. Nami nina wakwe sasa, na mara kwa mara huwa nina haki, na najua jinsi neno "nilikwambia" linavyouwasha ulimi. Bibi angeweza kubaki na ushindi wake. Aliona afadhali abaki na mkwe wake, nami nikabaki na baba.