Chungu Kilichokalia Kofia ya Mkuu wa Misheni

Siku yangu ya kwanza katika kazi hii nilipika somo. Nasema kweli tupu, wajukuu zangu, na msicheke kabla sijamaliza.

Ilikuwa zamani za Mjerumani, kwenye shule ya misheni ya huku huku ufukweni mwa ziwa, upande wa Matema. Wasichana tulifundishwa kila kitu kidogo kidogo: kusoma, hesabu, nyimbo, maandiko, hata majina ya milima ya Ulaya ambayo mpaka leo sijaona faida yake. Lakini kila mmoja alitakiwa kuchagua somo moja alishike miaka mitatu, liwe ndiyo kazi yake. Wenzangu walichagua kushona, kufua na uuguzi. Mimi nikasema kuchora na kufinyanga. Mama alipopata habari alikuja mbio kutoka shamba la mpunga, tope mpaka magotini.

"Kuchora? Utakula mchoro wewe?"

"Nitafundisha wengine, mama."

"Uwafundishe nini? Kutazama ukuta washibe?"

Nikaingia darasani hivyo hivyo, na maneno yake yananiwasha kama upupu.

Mwalimu wetu tulimwita Bibi Mchoraji. Alikuwa Mjerumani mrefu, mwembamba, anasema lugha yetu kama mtu anayetafuna changarawe. Siku hiyo aliweka mezani samaki aina ya mbasa, mnene, juu ya jani la mgomba, pamoja na ndizi tatu. Akatugawia vipande vya mkaa na karatasi.

"Mtamtazama huyu samaki siku tatu," akasema. "Leo mstari wa nje. Kesho kivuli. Kesho kutwa magamba."

Siku tatu! Na joto hili la kwetu! Mchana nzi walishafika wengi kuliko wanafunzi. Bibi Mchoraji akaenda kupumzika, mimi nikabaki namwonea huruma yule mbasa. Kwetu chakula hakiachwi kioze mbele ya watu wenye meno. Nikampeleka jikoni, nikampika kwa nyanya, nikamrudisha mezani pale pale, juu ya jani lake, na ndizi nimezichemsha pembeni.

Bibi Mchoraji aliporudi alisimama mlangoni kama nguzo.

"Somo langu liko wapi?"

"Hili hapa, Bibi. Karibu ule lingali moto."

Aliniadhibu kuchota maji wiki nzima. Lakini samaki alimla, nilimwona kwa macho yangu, na mwiba akaufyonza.

Kuchora nikakuweza. Kilichonitoa jasho ni udongo, na ajabu ni kwamba nimezaliwa ndani yake. Shangazi yangu, dada wa baba, alikuwa mfinyanzi Mkisi, wa lile kabila la huku ziwani linalojulikana kwa vyungu. Yeye alikalisha donge la udongo juu ya kigae, yaani kipande cha chungu kilichovunjika, akakizungusha kwa mkono mmoja na kuinua kuta kwa mkono wa pili. Chungu kikishakauka kidogo anakisugua kwa jiwe laini la ziwani hadi king'ae, anakipaka ngeu, ule udongo mwekundu wa rangi, anakichoma nje kwa kuni na nyasi. Na chini kilikuwa mviringo kama tumbo la mjamzito. Lazima kiwe hivyo, ili kikae kwenye mafiga matatu, na kichwani kikae juu ya kata, ule mduara wa majani ya mgomba.

Bibi Mchoraji hakutaka mviringo. "Kitu cha sanaa kinasimama mezani," alisema. "Kata chini, kiwe bapa."

Nikakata. Nikapeleka kwenye moto wa shangazi, maana shuleni hakukuwa na mahali pa kuchomea. Moto ulipokolea tukasikia paa! Sakafu ya chungu ikaruka peke yake, ikaangukia karibu na mguu wa shangazi.

"Umekikata makalio halafu unataka kikae?" Shangazi alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akaacha kucheka. "Sikiliza, mwanangu. Ukileta tena kitu cha namna hii, hutakaa kwenye udongo wangu. Watu watasema mimi ndiye niliyekufundisha."

Basi nikawa kati ya wawili. Mkuu wa Misheni, mzee wa ndevu nyingi aliyekuwa juu ya walimu wote, alikwishatangaza: atakayefaulu mtihani wa mwisho atakuwa msaidizi wa mwalimu, atakayeshindwa ataenda kwa dobi kufua mashuka ya misheni. Nikifinyanga bapa, kinapasuka na shangazi ananifukuza. Nikifinyanga mviringo, Bibi Mchoraji ananiangusha. Vyovyote vile nilijiona nimeinama juu ya beseni la sabuni hadi kufa.

Nikafinyanga mviringo. Niliwaza, kama ni kufua nikafue, lakini chungu changu kiwe chungu. Kikatoka kwenye moto kizima, chekundu, na pembetatu nyeupe shingoni nilizozichora kwa ule mkono uliofundishwa na Bibi Mchoraji.

Siku ya mtihani kazi zote zilipangwa kwenye meza ndefu. Mama alikuwepo, amekunja uso. Shangazi alikataa kuingia, akasimama dirishani. Mkuu wa Misheni akavua kofia yake ngumu ya jua, akaiweka mezani, akaja kwangu. Nikaweka chungu. Kikalala ubavu. Nikakiinua. Kikaanza kubingirika kuelekea ukingoni, nikakidaka kwa tumbo.

"Hakisimami," Bibi Mchoraji akasema, na kalamu yake ikaanza kuandika.

Nikaiona ile kofia. Sikufikiri, wajukuu zangu, ningefikiri nisingefanya. Nikaigeuza kichwa chini, nikakalisha chungu ndani yake. Kikatulia tuli, kama kuku juu ya mayai.

Mkuu wa Misheni akashika kipara chake.

"Binti, hiyo ni kofia yangu."

"Leo ni kata, Baba. Chungu chetu hakisimami peke yake. Kinasimama juu ya mtu."

Dirishani shangazi akapiga kigelegele, kidogo aangukie ndani. Mkuu akamtazama Bibi Mchoraji. Bibi akakizunguka chungu mara mbili, akazitazama zile pembetatu, akakigonga kwa kidole. Kikaitika ngo! Hakikuwa na ufa. Akafuta alichoandika.

"Amefaulu," akasema. "Lakini kofia airudishe."

Nikawa msaidizi. Baadaye nikapelekwa Ikolo, kisha Ndandalo, kufundisha wasichana kuchora kwanza na kufinyanga baadaye. Vita ikaja, Mjerumani akaondoka, Mwingereza akaingia. Udongo haukuuliza nani anatawala, nami nikaendelea hadi vidole vilipoanza kukataa. Sasa vinatetemeka hata kushika kijiko, lakini ninajivuna, na sioni haya kusema.

Mwezi uliopita mwanangu alikuja amefura. Binti yake, mjukuu wangu mkubwa, amekubaliwa chuoni na amechagua kuchora. "Mama, mkanye. Atakula mchoro?"

Nikamwambia akae kwanza, anywe maji, jua ni kali. Akaenda kwenye kile chungu changu cha mtihani, pembetatu zake zingali shingoni, kimekaa kwenye kata pembeni ya mlango kama siku zote, akachota, akanywa vikombe viwili, akapangusa midomo.

"Ndaga fijo, mama," akashukuru, kama alivyozoea tangu akiwa mtoto.

"Usinishukuru," nikamwambia. "Umekua kwa kuunywa mchoro. Mwache mwenzio akachore."