Bustani ya Gari Nne

Mimi darasa la tatu sikulimaliza, lakini miaka ile ya themanini, katika sisi tuliorudi Ibra, huku Omani, kutoka Unguja, mwenye gari nne kwa jina lake alikuwa mmoja, na ndiye mimi. Zote nilizinunua mbovu, nikazifufua kwa mikono hii, zikabeba tende za Bidiya na mbuzi wa soko la Sinaw.

Siku niliyokwenda kutia upya mulkiya, yaani kadi za usajili wa gari, karani alinambia ada imezidi kidogo. Ile ziada inatunza bustani mpya ya mji. Wenzangu kwenye foleni wakanung'unika. Mimi nikalipia zote nne kwa mpigo, tena kwa sauti. Nilikuwa na haja yangu. Mama alichoka na nchi ya mawe na kuta, hana pa kunyoosha miguu, na alishaanza kufunga mizigo ahamie Maskati kwa dada yangu. Sikutaka aondoke.

"Mama, vaa buibui, nikupeleke kwenye bustani yangu."

"Yako tangu lini?"

"Mulkiya maana yake si umiliki? Basi ninazo nne!"

Mlangoni, mlinzi mmoja mzee akainua bakora. "Mama apite. Wewe rudi."

Nikamtandazia kadi zangu. "Ammi, bustani hii naitunza mimi!"

"Mungu akuzidishie, mwanangu. Lakini leo Jumatano."

Lo! Ibra, Jumatano soko ni la wanawake, mwanamume hatii mguu, na bustani nayo wameifuatisha desturi hiyo. Miaka yote naishi pale, nikasahau. Mama alicheka mpaka akashika ukuta.

"Haya, bwana mwenye mali, kalinde gari yako."

Nilikaa garini roho juu. Kiarabu cha Mama kilikuwa cha salamu tu. Nikajua atatoka sasa hivi, kanuna. Ikapita saa nzima. Halafu nikasikia kicheko nyuma ya ukuta, na kicheko kile nakijua tangu utoto.

Alitoka kashikana mkono na bibi mmoja, majani yamemganda kwenye buibui.

"Huyu mzaliwa wa Ujiji, anakaa mtaa wa pili, na wewe hujanambia!"

"Shikamoo, bibi," nikasema. "Mama, na ile safari ya Maskati?"

"Safari gani? Jumatano ijayo nimewaahidi wenzangu wa humo bustanini visheti. Nipitishe dukani nikanunue unga."