Sauti ya Mzee Fukara

Sauti iliyonishtua ilikuwa ya mzee fukara. Nilishuka stendi ya Musoma asubuhi, nikatembea na begi langu hadi nyumbani Mukendo, nikabisha hodi na kuamkia. Aliyeniitikia marahaba kutoka ndani alikuwa na sauti ya kukwaruza, yenye pumzi nyingi kuliko maneno, na niliifahamu tangu utotoni. Ndiyo ambayo baba yangu, kazini kwake, alimpa kila mzazi maskini wa kwenye filamu. Nilicheka. Nilidhani ananitania, kwa kuwa alijua kwamba tasnifu yangu ya uzamili inahusu wazazi wa aina hiyo. Akatoka, akanipokea begi, akaniuliza habari za safari kwa sauti ileile, na usoni hakuwa na dalili yoyote ya mzaha.

Baba yangu ni mtafsiri wa filamu. Haandiki maneno chini ya picha. Anakaa kando ya skrini kwenye banda la video, maiki mkononi, na filamu ikiendelea kwa lugha ya wenyewe yeye anawasemea wote kwa Kiswahili: askari, mchumba, jambazi, mama mkwe. Siku za kazi yuko Mukendo, Jumamosi Bunda, Jumapili Buhemba kwa wachimbaji wa dhahabu. Mabanda yote ni ya mtu mmoja, ambaye nitamwita mwenye banda. Jambazi ana sauti nzito, mchumba sauti ya puani, mzee fukara sauti ya kukwaruza. Ndiyo maana ugonjwa ulipomwingia kooni hakuna aliyeutambua. Watu wa Bunda walisifu kwamba siku hizi mzee wa maiki anawapatia wazee kwelikweli. Mama, ambaye muda mwingi yuko shambani Butiama, alipiga simu, akasikia ule mkwaruzo, akadhani mume wake yuko katikati ya filamu. Akakata ili asimharibie kazi.

Baadhi ya filamu zake hurekodiwa na kuuzwa kwenye flashi. Nilizikusanya, nikazipanga kuanzia ya zamani hadi ya karibuni, nikazisikiliza kama nilivyofundishwa kushughulikia matini. Katika zile za mwanzo mzee anakwaruza na binti yake anamjibu kwa sauti laini. Mbele kidogo binti naye anaanza kukwaruza. Kisha mchumba. Katika ile ya mwisho, askari, jambazi na mama mkwe wote wanazungumza kama mtu mmoja aliyechoka, na nyuma yao unasikia bandani watu wanacheka.

Nilikasirika, na niseme wazi kwamba hasira haikuanzia kwa baba. Ilianzia kwenye sura ya pili ya tasnifu yangu. Humo nilikuwa nimewachambua, kwa uangalifu mkubwa, wazazi wa riwayani na wa filamuni wanaohangaikia familia zao: mama anayesema ameshiba ili watoto wale, baba anayekohoa kwenye leso na kuikunja haraka mlango ukifunguliwa. Niliuita ukimya wao heshima. Msimamizi wangu aliipenda sana sentensi hiyo. Sasa niliisoma tena nikatamani kuichana. Nani aliamua kwamba mzazi maskini akiumwa ni lazima afiche? Mbona haendi hospitali katika sura ya kwanza, akatibiwa, hadithi ikaendelea na mambo mengine? Jibu nililijua, maana ndilo nililokuwa nikilisomea. Anatakiwa afe karibu na mwisho, mtoto akiwa ameshafaulu, ili sisi tulie na tusidai chochote kwa mtu yeyote.

Nilimpeleka baba hospitali baada ya mabishano marefu. Daktari alimpitisha kamera nyembamba puani, akatazama kwa muda, akatueleza bila kuzunguka. Kwenye nyuzi za sauti palikuwa na uvimbe. Ungeweza kuwa kitu kidogo, ungeweza kuwa kansa. Hakuna ambaye angejua mpaka kipande kikatwe Mwanza na kupimwa. Akapiga simu palepale, tukapewa miadi ya Ijumaa ya wiki iliyofuata. Ukiwa mbaya na ukawahiwa, alisema, unatibika. Usiruhusu achelewe. Na mpaka siku hiyo asizungumze, hata kwa kunong'ona. Baba aliitikia kwa kichwa, kama mwanafunzi mwema.

Jumapili akaniandikia kwenye karatasi kwamba anakwenda shambani kumwona mama. Mchana mama akanipigia kutoka hukohuko shambani kuniuliza hali ya mgonjwa; baba hakuwa amefika. Nilifikiri kidogo tu kabla ya kupanda gari la Buhemba.

Banda la kule lina paa la bati na kuta za maturubai. Nje jenereta linanguruma, na jirani yake mashine za kusaga mawe, makarasha, hazipumziki hata siku ya ibada. Baba alikuwa akishindana na vyote hivyo. Kwenye skrini mbeba matofali wa nchi ya mbali alikuwa amekaa kitandani peke yake, anatazama ukuta. Hakusema neno. Aliyeitengeneza filamu ile alitaka watu wakae na ukimya wake, na mimi mwaka uliopita ningeuandikia kurasa kadhaa. Lakini bandani kimya maana yake mtafsiri amelala, na watu huanza kutoka. Kwa hiyo baba akaujaza.

"Huyu mzee anawaza binti yake," alisema. "Binti yuko chuo. Akimwambia anaumwa, ataacha mitihani, atarudi. Sasa afanyeje? Anakunywa maji, analala."

Hakuna hata neno moja kati ya hayo lililokuwamo kwenye filamu. Nilisimama nyuma, karibu na turubai. Yale ambayo hakuwahi kuniambia mimi alikuwa akiwaambia wachimbaji, kwa maiki, na hawakujua wanaambiwa nini.

"Mzee, leo umemeza kokoto nini? Hatusikii huku," mmoja akapaza sauti.

"Nimekula ugali wa karasha, mwanangu. Wewe lipia kiti cha mbele utasikia."

Banda zima likacheka. Baba akatumia kicheko hicho kunywa maji, na niliona jinsi alivyofumba macho akiyameza.

Filamu ilipoisha mwenye banda alichukua maiki na kutangaza shoo kubwa wiki ijayo, siku tatu mfululizo, kuanzia Ijumaa, mzee wao akiwa palepale. Watu wakapiga miluzi. Baba alikuwa amesimama pembeni yake. Alisikia Ijumaa kama nilivyoisikia mimi, akatabasamu, akapunga mkono.

Kesho yake asubuhi, tukiwa na uji mezani, nilimwambia kwamba Ijumaa ni Mwanza. Alinong'ona, jambo ambalo nalo alikuwa amekatazwa.

"Mwanza haiondokagi, mama. Nitaenda mwezi ujao. Nikikosa hii shoo ataweka kijana, na kijana akishakaa hatokagi."

Nikamwambia daktari hakusema mwezi ujao.

"Wewe si unasomaga hizi habari? Umewahi kuona mzee kwenye filamu anaomba likizo?"

"Nimewaona wote wanakufa, baba. Nimewaandikia sura nzima. Wewe sitaki kukuandika."

"Basi usiniandike," akasema, akacheka bila sauti, akasogeza kikombe nimwongezee uji.

Nilimwongezea. Nilikuwa na hasira kiasi kwamba mwingine niliumwaga mezani.

Namba ya mwenye banda nilikuwa nayo. Siku mbili nilizunguka nayo kichwani. Ni mtu wa rika la baba. Kwetu binti hapigi simu kumsimamisha kazi mwanamume aliyemzaa. Ningekuwa nimemfanya baba mtoto mbele ya mtu anayemheshimu, na ada yangu ilitoka kwenye koo lilelile nililotaka kulifunga. Nilijiuliza kama ugonjwa wake ni wake au ni wetu, na kama mtu mzima ana haki ya kuamua vibaya. Nilitunga maneno ya kumwambia mwenye banda, nikayafuta, nikatunga mengine. Kila mara yalikuwa na adabu mno, na adabu hiyo ilimwachia nafasi ya kusema hapana.

Jumatano mchana baba alitoa shati lake la shoo, akawasha pasi, akaanza na kola. Sikusubiri afike kwenye mikono. Nikapiga simu mbele yake.

Mwenye banda alifurahi kunisikia. Akaitikia shikamoo yangu, akaniita mwanangu, akaulizia masomo. Nikamwambia baba hatakuja Buhemba Ijumaa, anakwenda kupimwa Mwanza. Akasema pole, lakini watu wameshatangaziwa, gari limezunguka hadi Bunda, hebu tuangalie wiki ya baadaye. Kisha akauliza kama mwenyewe ndiye aliyenituma.

"Hapana. Sijamwomba ruhusa."

"Mpe simu niongee naye."

Baba alikuwa ameweka pasi chini na kunisogelea. Alinyoosha mkono aichukue simu, mdomo umeshafunguka. Nikamwinulia kiganja, mimi mtoto wake, kama anavyozuiwa mtoto asidakie maneno ya wakubwa. Akasimama pale aliposimama.

"Haongei," nikasema. "Ijumaa haongei, Jumamosi haongei, Jumapili haongei. Tafuta mtu mwingine, mzee, na ukishampata usimpigie baba kumuuliza lolote."

 Mwenye banda akasema, bila kuniita mwanangu, kwamba nafasi ikishachukuliwa hairudi, na nyumba ikikosa chakula nijue nitakayeulizwa ni mimi.

Nikamwambia ndiyo, niulizwe mimi.