Vitambaa Vyekundu kwenye Kebo

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa fundi wa kompyuta katika hoteli moja ya Diani, na kazi ile ilikuwa imenichosha hadi mifupani. Kebo zote zilikuwa za kijivu, plagi zilezile, ila aina mbili. Ile nyoofu iliunganisha kompyuta na kisanduku cha katikati. Ile iliyopishana iliunganisha kompyuta mbili moja kwa moja. Kuzijua ni mpaka uweke ncha mbili pamoja usome rangi za nyuzi nane ndani ya plagi: zikilingana ni nyoofu, zikihama nafasi imepishana. Haya, fanya hivyo mara arubaini, umejikunja chini ya meza ya mapokezi na joto la Machi, halafu uje unieleze habari ya macho.

Siku ya kupaka rangi mapokezi tulichomoa kebo zote. Nikaona nijirahisishie. Nikachana shuka kuukuu jekundu, na kila kebo iliyopishana nikaifunga kitambaa, mafundo mawili. Wazazi wangu walitoka bara wakapata shamba huku, na nyumbani kwetu kitambaa chekundu kilikuwa kitambaa tu.

Asubuhi vitambaa havikuwapo. Wageni walikuwa wanashuka kwenye basi. Badala ya kusoma ncha upya nikachomeka kwa kubahatisha, kompyuta zikakataa kuonana, foleni ikafika mlangoni. Meneja akauliza nani ameshika kebo.

Mama wa usafi, mtu mzima wa Kinondo, kijiji cha jirani, akasema ni yeye. Hakueleza zaidi. Alikuwa kibarua mwaka wa tatu, na wiki ile ndiyo angepewa barua ya kuajiriwa. Meneja akanitazama. Ningesema tu kwamba sikumweleza mtu maana ya vile vitambaa, na kwamba kubahatisha kulikuwa kwangu, yangeishia hapo. Nilikuwa nimechoka, tena niliogopa. Nikainama nikaendelea na kebo. Aibu hiyo ninayo mpaka leo.

Kabla ya adhuhuri alikuwa amefutwa. Nilimkuta kwenye lango la wafanyakazi, nikamwamkia shikamoo bila kumtazama usoni.

"Marahaba, mwanangu," akasema, akageuka kuona kama tuko peke yetu. "Ulikuwa umetegwa kwa uchawi. Mafundo mekundu, pale pale unapokaa. Nimeyafungua yote nikayachoma. Meneja sikumwambia, wangekucheka. Sasa fanya kazi yako, usiwe na wasiwasi."