Shajara na Kapsuli za Mdogo Wangu

Mdogo wangu hajatimiza hata miaka mitatu viganja vyake vikavimba kama mahamri. Nyanya akavikanda kwa mafuta ya nazi yaliyopashwa moto, akavifunga kwa kipande cha leso, akasema ni baridi, mtoto kaogeshwa jua limeshapoa. Tuliishi na hiyo baridi muda mrefu. Ilipohamia miguuni, mama aliacha kumwogesha alasiri. Ilipopanda kifuani, babu alimsomea dua.

Akiwa na miaka mitano alipauka mpaka midomo. Tukakimbia naye hospitali, wakampima damu. Selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi.

Mama alimwambia nesi kwa heshima kabisa, "Dadangu, tafadhali rudieni kupima. Hiyo sikoseli ni ya watu wa kule ziwani. Sisi ni watu wa hapa hapa pwani, wa Kibokoni."

Nesi mwenyewe alikuwa mtu wa ziwani. Alicheka mpaka akashika meza. "Mama, na kwetu wazee wanasema ni ugonjwa wa pwani!"

Mama naye akacheka, huku machozi yanamtoka.

Nesi alitueleza polepole, mimi na mama, na babu aliyesimama mlangoni na bakora yake. Baba alikuwa kazini Shimanzi, kwenye maghala. Nesi alisema palipokuwa na malaria nyingi tangu zamani ndipo ugonjwa huu ulipo: ziwani, pwani, Uarabuni, Bara Hindi. Mtoto akirithi upande mmoja tu, haumwi, tena malaria haimshiki sana. Akirithi kwa baba na kwa mama, ndiyo haya. Kisha akaongeza jambo ambalo mpaka leo natamani asingeliongeza. Kuna watu wa Bara Hindi na sehemu za Uarabuni, alisema, ambao damu yao hata ukubwani huwa na kitu cha damu ya mtoto mchanga, na kwao ugonjwa huja mpole zaidi. "Lakini hapa watu wamechanganyika. Si sura, si jina. Hujulikana kwa kupima tu." Akatuandikia karatasi ya kipimo hicho, na kapsuli za kila siku.

Karatasi ile hatukuipeleka popote.

Ijumaa iliyofuata, baada ya pilau, babu alitoa shajara ya ukoo wetu sandukuni. Ni karatasi ndefu, imeandikwa kwa wino mweusi, majina yamepangwa kama matawi, kuanzia mtu wa kwanza aliyetoka Hadhramaut, Uarabuni. Babu ni mwalimu wa chuo cha Qurani, akisoma husoma kwa sauti. Alisoma mpaka akafika kwake na kwa ndugu yake, kisha kwa baba yangu. Mama ni binti wa huyo ndugu yake babu wa tumbo moja, kwa hiyo baba na mama ni watoto wa ndugu wawili. Kwetu huozana hivyo, mali na damu visitoke.

"Haya, oneni wenyewe," babu akasema. "Yetu ni ile nyepesi."

Shangazi, ambaye haogopi mtu, akasema, "Baba, basi mpelekee daktari hiyo karatasi aidunge sindano."

Watu wakacheka. Babu naye akacheka. "Wewe mdomo huo ndio uliokukosesha mume wa pili."

"Na wa kwanza pia!" akajibu shangazi, na kicheko kikazidi.

Hivyo ndivyo ilivyoamuliwa, kwa kicheko. Kapsuli zilikuwa zinamchafua tumbo mdogo wangu, na mama alikuwa hawezi tena kumlazimisha. Alitaka kuamini. Simlaumu. Zikawekwa juu ya kabati.

Ninalotaka kuandika hapa ni kwamba mimi nilikuwa najua.

Miezi michache kabla ya hapo nilikuwa nampaka nyanya hina ya nywele, tuko wawili tu, akaanza kumkumbuka mamamkwe wake, yaani mama yake babu. Alisema alikuwa mzuri, mweusi wa kung'aa, fundi wa kusuka mikeka, na alizaliwa Rabai. Mama yake yule bibi aliletwa kutoka Nyasa. "Aliletwa," nyanya akasema, "hakuja." Kisha akanishika mkono uliojaa hina. "Usimwambie mtu, mamangu. Babuyo hapendi."

Shajara ina majina ya wanaume peke yao. Siku ile ya Ijumaa nilimtazama nyanya, naye akanitazama, halafu akaanza kukusanya sahani. Yeye alimwogopa mumewe. Mimi sikuwa na hata sababu hiyo ya kuficha, kwani babu hajawahi kunikemea. Ni kwamba mimi huona haya kusema mbele za watu, hata darasani nikiulizwa jibu ninalolijua.

Muhula wa pili tulifundishwa urithi katika Biolojia. Nilichora ukoo wetu nyuma ya daftari, safari hii nikawatia na wanawake. Mistari miwili, wa baba na wa mama, ilipanda na kukutana kwa bibi yule wa Rabai. Sikuwa na hakika kama ugonjwa ulitoka kwake. Huenda ni mtu wa nyuma zaidi, huenda hata mmoja wa wale wa Hadhramaut. Lakini nilijua kwamba hatuna haki ya kusema yetu ni nyepesi. Nikafunga daftari. Mdogo wangu alikuwa miezi minne mizima hajaumwa, anaruka kamba uchochoroni, na mimi nikajiambia labda babu kasema kweli.

Asubuhi moja ya shule, akiwa na miaka minane, kikombe cha chai kilimponyoka. Mama akamgombeza. Akataka kujibu, mdomo ukaenda upande. Nilidhani anafanya mzaha, nikacheka. Hilo pia naliandika.

Kilikuwa kiharusi. Sikujua kwamba mtoto anaweza kupigwa na kiharusi. Nesi yuleyule aliuliza kuhusu kapsuli, na mama akainama. Babu akasema, "Mimi ndiye," akarudia, "mimi ndiye," mpaka baba akamtoa nje. Hapo ndipo niliposema habari za bibi wa Rabai, mbele ya wote, kwa sauti yangu ndogo. Nesi akasema asante, lakini sasa haibadilishi kitu. Hakusema kwa ukali.

Sasa anameza kapsuli zake, nazo zinamsaidia. Maneno yake yanarudi, yanaburutika. Mkono wa kulia haujarudi.

Jana mchana tuliketi mkekani kula wali na samaki. Nyanya ndiye aliyetufundisha sote kula kwa mkono wa kulia. Mimi nilipokuwa mdogo alinichapa vidole mara ngapi sijui. Mdogo wangu alijaribu kuuinua ule mkono, ukaanguka juu ya sinia. Akatutazama mmoja mmoja, kisha akauficha chini ya paja na kusema hana njaa.

Nyanya akasogea. Akauchukua mkono wa kushoto wa mdogo wangu, akauosha kwa birika, kidole kwa kidole, akautia kwenye wali.

"Kula, mamangu," akasema. "Kula."

Babu aliinuka akaenda dirishani. Sisi tuliendelea kula.